Samaki wa Mpunga na Kaseti za Arabuni

Mume wangu alipokwenda Arabuni kuendesha malori aliniachia vitu viwili: mama yake, na tangi la samaki. Mama mkwe nilimtarajia. Nyumba ilikuwa yake, vyumba viwili katika mtaa wa halmashauri nyuma ya Majengo, na mimi ndiye niliyeingia na sanduku langu mwaka mmoja kabla. Lakini samaki wasioliwa sikuwa nimewaona maishani mwangu. Niliona ni upuuzi mtupu kuwachotea maji wakati sisi wenyewe tulikuwa tukipanga foleni bombani tangu alfajiri.

Mume wangu alikuwa dereva wa mhandisi mmoja Mjapani, na mzee huyo ndiye aliyempa samaki hao siku alipofunga mizigo kurudi kwao. Walikuwa samaki wadogo, hata kidole changu cha mwisho kiliwazidi urefu, rangi yao ya machungwa iliyopauka, macho makubwa kupita kiasi. Kwao Japani wanaishi katika mashamba ya mpunga, ndiyo maana hawana makuu. Hawataki mashine ya hewa, hawataki maji ya kupashwa moto, na ile baridi yetu ya Julai wao wanaipita tu.

"Hawa ni wagumu," mume wangu aliniambia. "Wanachotaka ni mtu wa kuwaangalia."

"Na mtu mwenyewe ni mimi."

"Ni wewe."

Akanifundisha. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo siku mbili kabla ya kuongezwa, maana ile dawa ya halmashauri inawaua. Asubuhi nitaona jike amebeba kishada cha mayai chini ya tumbo, kila yai dogo kuliko punje ya mtama. Akafumua sweta kuukuu la kijani, akafunga nyuzi pamoja, akazining'iniza majini kwa kizibo cha chupa. Jike atajisugua pale na mayai yatanasa. Kila baada ya siku chache nitoe zile nyuzi niziweke kwenye bakuli lenye maji yaleyale ya tangi, kwa sababu wazazi wakiyaona mayai wanayala.

"Wanakula watoto wao?"

"Hawajui kama ni watoto," akasema, kana kwamba hilo linawasafisha.

Siku zile, wanaume wa mtaani kwetu waliokuwa Arabuni hawakuandika barua. Walizungumza kwenye kaseti, na yeyote aliyekuwa akija nyumbani alipewa azibebe. Kaseti ikifika, nyumba inajaa. Mama mkwe anakaa karibu na redio, majirani wanapanga viti, wengine wanabaki mlangoni. Sauti ya mume wangu inaanza na salamu, kisha mama yake na miguu yake inayouma, kisha wajomba mmoja mmoja, kisha: "Na samaki wangu, wangali wapo? Wanazaa?" Baada ya hapo ndipo anasema, "Na mke wangu namsalimu sana." Sana, halafu basi.

"Hii bwana yako anapenda samaki kuliko bibi," jirani yetu mmoja alicheka. Alikuwa mama kutoka magharibi, mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. "Sisi huko kwetu tunakula samaki, nyinyi mnalisha."

Hata hivyo ndiye aliyekuwa akiniletea omena zilizovunjika chini ya gunia. Nilizitwanga zikawa unga, na huo ndio ukawa chakula chao.

Nilikasirika, sitaficha. Mke mzima nimewekwa nyuma ya samaki, tena mbele ya mtaa mzima. Lakini kulikuwa na wanawake wawili watatu pale mtaani ambao waume zao walitangulia Arabuni. Kaseti za waume hao zilianza kufupika, zikachelewa, kisha habari ikaja kwa njia ya watu kwamba bwana ameoa hukohuko. Nikaanza kusikiliza kwa sikio jingine. Mtu asiyekusudia kurudi hana haja ya kuulizia samaki. Hatukuwa na mtoto bado, wala shamba, wala nyumba yetu. Kitu pekee alichokuwa nacho kinachomngoja, mbali na mama yake na mimi, kilikuwa kwenye lile tangi. Basi nikawashika samaki wale kwa mikono miwili. Nilikuwa naogopa, na niliyemwogopa ni mwanamke nisiyemjua.

Idi ya kwanza baada ya yeye kuondoka ikatukuta na usafi. Nyumba zetu siku ya kuamkia Idi hupinduliwa: mapazia yanafuliwa, sufuria zinasuguliwa kwa mchanga, kuta zinapakwa chokaa. Mimi nilikwenda soko la Gikomba kutafuta kitambaa cha pazia. Niliporudi adhuhuri, mama mkwe alinipokea mlangoni akiwa amekunja mikono ya nguo na uso umefurahi.

"Nimewaogesha wageni wako," akasema. "Walikuwa wakiishi kwenye uchafu, maji yamegeuka kijani."

Tangi lilikuwa linang'aa. Alilisugua kwa sabuni ya unga, akalisuuza, akalijaza maji ya bomba moja kwa moja, akawarudisha samaki. Kwa mwanamke wa Kiswahili anayengoja wageni wa Idi hakuna neno la kulaumu hapo. Alasiri wakaanza kuhema juu ya maji. Magharibi, watu wakiwa nje wanatafuta mwezi, wote walikuwa wamelala ubavu.

Nilikaa sakafuni nikalia.

"Mwanangu, ni samaki tu," mama mkwe akasema.

"Akirudi atakuta nini?"

Nadhani ndipo alipojua kwamba sikuwa nikililia samaki, na kwamba yeye pia alikuwa na hofu hiyohiyo, ila hatukuwahi kuitamka. Tulikuwa tumeishi chini ya paa moja zaidi ya mwaka tukizungumza mambo ya chumvi na mafuta ya taa. Akaketi kando yangu, kwa taabu, na miguu yake ile.

"Usimwambie kwenye kaseti," akasema. "Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso." Kisha, kama mtu anayetafuta angalau jema moja alilotenda siku hiyo, akaongeza, "Ule ukwaju wako uliouroweka sikuumwaga. Nimeuacha palepale."

"Ukwaju gani?"

Akaonyesha kwa kidole nyuma ya pipa la maji. Lile bakuli langu la mayai, nililodhani limemwagwa pamoja na maji ya tangi, lilikuwa pale, na kawa juu yake. Nililifunika kawa ili paka asilichezee. Yeye alipoona kawa alijua ni chakula, na chakula cha watu hakimwagwi.

Nikafunua. Nyuzi za kijani zilikuwa zimelala majini, na juu yake mayai. Mengine yalikuwa meupe, yameota ukungu, yamekufa. Mengine yalikuwa maangavu, na ukiyasogeza kwenye mwanga unaona ndani vidoa viwili vyeusi, macho ya samaki ambaye hajatoka.

Mabovu lazima yatolewe, la sivyo ukungu unakula na mazima. Asubuhi ya Idi, baada ya swala, mama mkwe akaleta sindano yake ya kushonea kofia. Miaka yote alikuwa akishona zile kofia za vitobo, na mkono wake haukutetemeka. Wageni walitukuta mlangoni na kanga mpya, tumeinamia bakuli, mimi naonyesha na yeye anadokoa. Kahawa ya wageni ikachelewa. Mtaa ukapata la kusema kwa wiki nzima.

Hawakutoka wengi. Walikuwa vijiti vyenye macho, na nusu yao walikufa kabla ya kukua. Waliobaki walitosha. Tangu siku ile mama mkwe hakumruhusu mtu hata kugusa kioo. Ndoo ya maji ya samaki ilikuwa na mahali pake, na ole wake aliyechota humo maji ya chai. Kaseti ya kujibu tulipoirekodi, aliusogeza mdomo kwenye redio akasema, "Samaki wako wapo, mwanangu, na wanazaa." Kisha akanitazama. Haukuwa uongo.

Akakaa Arabuni miaka mitatu. Kaseti hazikufupika. Alirudi alasiri moja, amekonda, mvi zimeingia kwenye ndevu, blanketi kubwa begani. Majirani walipomaliza kumsalimu na kutawanyika, akaenda kusimama mbele ya tangi.

Mama mkwe hakungoja. "Wale wako niliwaua mimi," akasema, "kwa usafi wa Idi. Hawa ni uzao wao. Mke wako ndiye aliyeokoa mayai."

Mume wangu akacheka kidogo bila kugeuka. "Hata usingewaosha, mama, wasingeifikia siku ya leo. Umri wao ni miaka miwili hivi. Wakipata mitatu ni bahati."

Miaka mitatu nimechuja maji, nimetwanga omena, nimelia sakafuni usiku wa kuamkia Idi.

"Ulijua hivyo ulipoondoka?"

"Nilijua."

"Sasa kila kaseti ulikuwa ukiuliza nini?"

Akageuka. Alimtazama mama yake, akatazama sakafu, mtu mzima na mvi zake, amekosa pa kuweka mikono.

"Samaki hawa mayai yao yasipotengwa wanakwisha," akasema. "Wakiwapo, basi kuna mtu angali anayatenga. Mtu aliyechoka kungoja hafanyi kazi hiyo." Kisha akaongeza, "Na kaseti ilikuwa ikisikilizwa na nyumba nzima. Ningekuulizaje mbele ya mama?"

Mama mkwe alijiinua kitini, akachukua buibui lake ukutani. Alisema anakwenda kwa jirani kuomba omena za samaki, na kopo la omena lilikuwa limejaa pale rafuni mbele ya macho yetu sote. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, jambo asilolifanya mchana hata siku moja.

Tukasikia miguu yake ikijikokota mpaka uani.

"Haya," nikamwambia. "Hakuna anayesikiliza sasa. Uliza."