Mforosadi wa Nyuma ya Jiko

Mimi mforosadi siupandi kwangu, na mke wangu asiniulize tena.

Mama aliporudi kwao Embu, ameachika na mimi mgongoni, babu alikuwa ameshakufa na shamba lilikuwa la mjomba. Akamkatia dada yake kipande nyuma ya zizi. "Panda maharagwe, panda viazi," alimwambia. "Lakini mti, hapana." Kwetu anayepanda mti amesema hapa ni pangu, na binti aliyerudi nyumbani hakuruhusiwa kusema hivyo.

Msimu mmoja mvua ilitukuta ghafla. Maharagwe ya kutambaa yakalala matopeni, na fito kavu za kuyategemeza hazikupatikana. Mama akakata matawi ya mforosadi kwenye ua wa jirani, akayachomeka shambani haraka haraka, ayang'oe akishavuna. Weee! Mforosadi ukiuchomeka tu penye unyevu, umeota. Tulipovuna, kila fito ilikuwa na majani.

Akazing'oa zote ila moja, ile ya nyuma ya jiko letu. "Huu tuuache," akaniambia. "Utakula matunda." Lakini nilivyomwona akiumwagilia, hata siku za mvua, nilijua si matunda tu. Maskini mama yangu, alitaka kitu kimoja chake cha kusimama mahali.

Ulipozaa, nilikula mpaka midomo ikawa zambarau. Mjomba aliiona midomo yangu kabla ya kuuona mti. Akaja na panga.

"Nilikwambia nini?"

"Ulikuwa fito ya maharagwe tu, kaka."

"Na sasa ni nini?"

Mjomba akaufyeka mpaka chini, na kabla ya Jumapili akawa ametufukuza.

Tulihamia Ishiara, chumba cha kupanga, jua la kuchoma utosi. Mama aliuza ndizi sokoni mpaka akafa. Mjomba akakataa azikwe nyumbani, ati ardhi haina nafasi. Tulimzika makaburi ya umma, pembeni, karibu na jalala.

Juzi mjomba naye alikufa, nikaenda mazishini. Nyuma ya lililokuwa jiko letu nilikuta mti mkubwa. Kumbe kisiki hakikufa! Mjukuu wa mjomba, msichana mdogo mwenye midomo ya zambarau, akaniletea matunda kiganjani.

"Karibu, mgeni. Guka ndiye aliyeupanda."

Nikamwambia asante. Kaburi la huyo guka, babu yake, walikuwa wamelichimba pale pale, kivulini mwa mti wa mama yangu.