Kandambili ndani ya mashine

Juzi nilikuwa Ilongero, kwenye ghala ambako kiwanda kimoja kilileta mashine mpya ya kupura alizeti ili wakulima waijaribu kabla haijaingia sokoni. Msimamizi wa mradi, kijana aliyechomekea shati vizuri, aliingia moja kwa moja kwenye ratiba: leo kutumia, mwezi ujao kujaza fomu za maoni.

Mashine ilipomaliza fungu la kwanza, mama mmoja wa makamo alichota punje kiganjani, akapuliza makapi, akamwonyesha. Nusu zilikuwa zimepasuka.

"Mama, maoni ni mwezi ujao."

"Hata shikamoo hujanipa, unanipa mwezi. Fungua hapo."

Akatoa kwenye kikapu vipande vya kandambili, vimeshakatwa na kutobolewa. Kumbe mashine yake kuukuu ya nyumbani aliivalisha mpira kila chuma kinachopiga, misimu mitatu sasa. Msimamizi alizitazama punje, akaitazama ratiba, kisha akaikunja na kuomba spana.

Vipande vikafungwa kwenye vyuma, mashine ikaunguruma tena. Mama akachota, akapuliza, akanyoosha kiganja. Punje nzima, zote. Ghala likalipuka kwa vigelegele.

Msimamizi akachuchumaa kupima unene wa kandambili kwa rula. Akiwa huko huko chini akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa lete hiyo fomu."

Nimeona miradi mingi inayojisifu kumshirikisha mkulima. Huu ndio wa kwanza ambamo nimeona fomu ikijazwa na msimamizi, mkulima akisahihisha.