Mboni na sauti nzito ya bintiye

Jua halijapanda vizuri mtaani Nguvumali, na Mboni Sadalla ameshanyanyuka mara kadhaa kwenye cherehani yake. Anashona sare za shule barazani. Kila bintiye, Samiha, anapozungumza ndani, mguu wa Mboni unaacha pedali, anatega sikio.

"Naisikiliza sauti," anasema. "Ikizidi uzito tena, nitajua."

Samiha ana miaka sita. Alipokuwa na minne alianza kutoa harufu ya jasho la mtu mzima. Chunusi zikamjaa usoni, vinyweleo vikaota juu ya mdomo, na gauni aliloshonewa Idi likambana kabla ya Idi iliyofuata. Kisha sauti ikawa ya mvulana aliyebalehe.

Zahanati moja ilimpa dawa ya kupaka. Majirani wakanong'ona kwamba mtoto ana jini. Mama mkwe akataka apelekwe kwa mganga aliyeko Tongoni, na Rama, mume wa Mboni, akakubali.

Mboni alifika na mtoto hadi kituoni, akashindwa kupanda gari. Samiha alikuwa amemshika baibui, akamwuliza: "Mama, nimegeuka nini?"

Mboni akageuza njia, akaenda naye hospitali.

Huko Daktari Edgar alimpima damu, kisha akampiga picha ya tumbo. Ukaonekana uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo ya kushoto. Alimweleza Mboni kwamba uvimbe huo ulikuwa ukimwaga homoni za kiume mwilini mwa mtoto, ndizo zilizomkomaza kabla ya wakati. Wakapewa rufaa ya Dar es Salaam.

Rama, aliyekuwa amenuna tangu siku ile ya kituoni, alitokea asubuhi ya upasuaji. Alikaa kando ya mkewe mpaka walipoambiwa uvimbe umetoka wote.

Chunusi zimekauka. Sauti haikurudi kuwa ya kitoto, na huenda isirudi. Uvimbe wenyewe unaweza kuota tena, kwa hiyo Samiha hupimwa damu kila baada ya miezi michache.

"Majibu yakichelewa, hata uzi siwezi kuutunga kwenye sindano," anasema Mboni.

Januari Samiha ataanza darasa la kwanza. Mama yake ameshakwenda kumwona mwalimu, akamweleza yote, akamwomba asimnyamazishe watoto wakiimba.

"Watamcheka, najua," anasema. "Lakini aimbe."