Suruali ya Mtu wa Jana

Fundi cherehani huyu hakuwahi kumpima mumewe. Wateja wote aliwazungushia futi kiunoni, lakini suruali za baba watoto alizikata kwa kichwa tu, tangu siku za uchumba, na alijisifu kwa hilo mpaka majirani wakachoka. "Huyu namjua nje ndani," alikuwa akisema.

Kisha mume akapata kiharusi. Yule mcheshi aliyeimba akinyoa ndevu alirudi kutoka hospitali kimya, amekonda, mwepesi wa kulia, hata sukari kwenye chai haitaki tena. Mke akawa anamngojea mume mwenyewe, yule wa zamani, arudi. Akamshonea suruali kwa kipimo kilekile cha kichwani, ikamwangukia miguuni. Akashona nyingine, nayo ikaanguka. Hakupunguza hata inchi. Aliona kupunguza ni kumzika mtu angali hai.

Mwalimu mmoja mstaafu, mfuasi wa Buddha, alikuja kubadilishiwa zipu akaziona zile suruali zimerundikana. Akamweleza taratibu kwamba, kwa mafundisho yao, hakuna "mwenyewe" asiyebadilika aliyekaa ndani ya mtu. Kuna mwili, hisia, mawazo, mazoea, na vyote vinapita.

"Basi mimi nimeolewa na nani, mwalimu?" fundi akafoka. "Na hii zipu nimkabidhi nani, kama mwenyewe hayupo?"

Mwalimu alicheka, akachukua suruali yake, akaaga. Fundi hakucheka. Kutwa nzima aliyarudia maneno yale moyoni.

Jioni mumewe alisimama mlangoni, kashikilia kiuno cha suruali kwa mkono wake mmoja mzima.

"Mama watoto," alisema kwa taabu, "unamshonea nani?"

"Namshonea mume wangu."

"Yule hayupo. Niliyepo ni mimi, na nasikia baridi."

Mke alilia. Alimlilia yule mwimbaji, akamlilia na msichana wa siku za uchumba, yeye mwenyewe, aliyejua kiuno cha mumewe bila kupima, maana hata huyo alikuwa ameshaondoka zamani, wala hakuna aliyemuaga. Kisha akavuta futi shingoni.

"Simama wima, baba," akamwambia, kama anavyowaambia wateja wageni.

Suruali aliyoshona kwa kipimo hicho ilimkaa. Mwezi uliofuata ikaanza kulegea tena. Safari hii fundi hakungoja kuulizwa. Alichukua futi, akampima mtu aliyekuwa mbele yake.