Vidonge vya Pindo Vilivyoingia Mtaroni

Mtaa wetu una mafundi wa kila namna, lakini fundi wa nguo ni mmoja tu, wengine wanaunganisha vitambaa. Huyo mmoja tunamwita Pindo, kwa sababu hakuna suruali wala gauni la hapa ambalo halijapita chini ya sindano yake. Alipozaliwa waliandika mtoto wa kiume. Yeye tangu akili zimkae kichwani amejijua mwanamke, akaishi hivyo, na kwao wakamjibu kwa kumfungia mlango. Wateja wake nao ni watu wa ajabu. Chumbani kwake ni "dada yangu kipenzi, nibane kiuno hapa." Wakikutana naye barabarani wanaangalia saa. Hata wasio na saa.

Pindo ana virusi vya Ukimwi, mwaka wa saba huu. Humeza kidonge kimoja kila asubuhi, na kipimo cha mwisho kilionyesha virusi vimelala fofofo. Shida ya vidonge vile ni chupa yake: ukitembea nayo inalia kama njuga, na mtaa mzima unaujua mlio huo. Kwa hiyo Pindo akirudi na dawa anazimimina kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, chupa anaitupa mbali.

"Nani atapekua vifungo?" aliniuliza siku moja akicheka. "Labda shati."

Na kweli hakuna aliyepekua. Jumanne moja, saa tisa mchana, waliingia kwake wanaume watatu. Mmoja ni mpakizi wa magunia tunayemwita Kifua. Wiki iliyotangulia alikuwa amesimama mlemle, juu ya stuli, akipimwa urefu wa suruali na kusema "asante, fundi." Safari hii alisema mtaa umechoka kuaibishwa. Walimpiga kwa mateke na kwa ubao wa kupigia pasi. Walipindua cherehani. Kopo wakalirusha nje, vifungo na vidonge vikaingia mtaroni pamoja. Chumba changu cha kutengenezea simu kiko ukuta mmoja na chake. Nilikuwa ndani. Niliongeza sauti ya redio. Hilo sina mzaha wake.

Kesho yake, jicho limefumba na mbavu zimekazwa kwa kitambaa cha bitana, alikwenda kliniki. Nilimsindikiza. Karani wa dirisha la dawa alifungua faili.

"Ulichukua za miezi mitatu, hata mmoja haujaisha. Umeziuza?"

"Zimemwagika mtaroni, dada."

"Zote? Basi huo mtaro utatuzidi afya."

Benchi zima likacheka.

"Leta karatasi ya polisi ya kupotelewa," karani alisema. "Ndio utaratibu. Bila hiyo sina la kukusaidia."

Jicho hakuliulizia.

Kituo cha polisi kiko nyuma ya kliniki. Askari wa kaunta alikuwa na kalamu inayogoma.

"Umepotelewa na nini?"

"Dawa, afande."

"Na huo uso?"

Pindo akafungua mdomo. Askari akainua mkono. "Ngoja kwanza. Nikiandika umepigwa, lazima niandike kwa nini. Nikishaandika kwa nini, wa kulala humu ni wewe, wao wanakula kwao. Sasa niambie vizuri. Umepigwa au umeanguka?"

"Nimeanguka."

"Pole sana. Ngazi?"

"Ngazi," alisema Pindo, ambaye hajawahi kuishi penye ngazi.

Karatasi ikagongwa muhuri. Tulitoka kama tumeshinda kesi. "Dada, hizo ngazi umezijenga lini?" nikamuuliza. Akacheka, akashika mbavu, akanitukana tusi zuri kabisa. Dirisha lilikuwa limeshafungwa siku hiyo, lakini karatasi tulikuwa nayo.

Asubuhi tuliwahi. Unaacha kadi dirishani, unakaa benchi, unasubiri jina lako. Benchi lile halina wageni: kila anayekaa na kadi amefuata dawa zilezile. Tulipopata nafasi nikahisi vidole vya Pindo vinazama mkononi mwangu. Mwisho wa benchi, kofia imeshushwa hadi puani, kadi iko gotini, alikuwa amekaa Kifua.

Wakaonana. Sijawahi kuona mtu mzima akiishiwa damu usoni namna ile. Alikuwa anaogopa, na Pindo aliiona hofu hiyo kabla yangu.

"Twende," alininong'oneza.

"Karibu unaitwa."

"Nimesema twende. Jumanne alinipiga kwa ajili ya mtaa. Sasa ana sababu yake mwenyewe."

"Si mko sawa? Atakusema kwa lipi?"

"Mdogo wangu, nani kakwambia atasema? Atahakikisha mimi sisemi nimemwona hapa."

Karani akaita jina la kwenye kadi, lile la wazazi. Akaita mara ya pili. Pindo alikuwa ameshafika getini, karatasi ya polisi ikiwa mkononi, muhuri na yote.

Kliniki nyingine ipo, upande wa pili wa mji. Nilikwenda kuuliza. Wanataka barua ya uhamisho, na barua hutolewa dirishani palepale, mbele ya benchi lilelile, mwenyewe akiwepo. Nikarudi nikamweleza.

"Nitakwenda Jumatatu," alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa anashona sketi ya shule kwa mkono, maana cherehani haijapona.

Jumatatu zimepita tisa. Amepungua mpaka nguo zake mwenyewe anazibana kiuno. Ulimi umefanya utando mweupe, anasema ni chai ya moto. Nikimkumbusha ananiambia nikachokonoe simu za watu. Na kila siku, akitoka kwenye magunia, Kifua anapita kwetu. Anasimama mlangoni kwa Pindo, mikono mfukoni.

"Habari za kazi, kaka," Pindo anamwambia.

"Nzuri, fundi."

Anabaki hapo kidogo, anatazama nani yumo ndani na wanazungumza nini. Kisha anaondoka. Pindo anameza mate, ambayo siku hizi yanamuuma koo, na kuendelea kushona.