Karatasi ya Suzana

Mpaka leo nikisikia honi ya treni hapa Itigi, natafuta pa kuficha uso. Acheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Jumapili nafundisha wasichana kanisani. Nawasomea hadithi ninazotunga, nazikatisha pale msichana anapotakiwa kuamua, kisha nauliza, "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Ijumaa asubuhi nikakuta karatasi imesukumwa chini ya mlango wangu. Mwandiko ulikuwa wa Suzana, mwanafunzi wangu wa miaka kumi na tano. "Leo napanda treni na mwanamume aliyeniahidi kazi Dar. Mama hajui. Naogopa, lakini begi liko tayari."

Nilikimbilia stesheni na kandambili mguu mmoja, nikiomba kwa sauti kama kichaa. Kweli, Suzana alikuwa pale ameshika begi, kando ya mwanamume mwenye ndoo ya asali. Nikamkaba shati yule baba.

"Mwachie mtoto wa watu!"

Ndoo ikaanguka, asali ikatapakaa kwenye viatu vya abiria.

"Mimi mjomba wake, mama," alisema, akiinama kuinua ndoo. "Ananisindikiza tu, begi ni langu."

"Mwalimu," Suzana akanong'ona, "si ulituambia Jumapili, mvua ilipoanza, kila mmoja atunge hadithi yake akuletee?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mjomba aliitazama asali yake, abiria wakanitazama mimi. Suzana akauliza, kwa upole uleule ninaowaulizia wao:

"Leo ni wewe, mwalimu. Utafanya nini?"