Paja la Kuku Chini ya Kitanda

Mume wangu Ismaël anaficha chakula. Anarudi toka Pangi, baisikeli imejaa vidumu vya mawese, ananawa, anakula, halafu anabeba kipande na kukiweka ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda. Chungu kijae, kisijae, ni vile vile.

Wakati wa vita alikuwa mtoto, na Kindu ilikuwa imezungukwa. Aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Siku nyingine mama yake alipika majani matupu, bila chumvi. Hayo alinieleza kabla ya ndoa, akiangalia pembeni.

Mwezi uliopita mama yangu alikuja toka Lokandu kumwona mjukuu wake, Ramla. Ismaël akachinja kuku. Kwetu mkwe hali pamoja na mama mkwe. Anamwachia nyama nzuri, yeye anakula nyuma ya nyumba. Nilipopakua, niliona paja moja tu. Mama aliangalia sahani, akala. Lakini alipokwenda kuweka mfuko wake chumbani, akaona sisimizi wanaingia chini ya kitanda. Akavuta kopo.

“Falone! Mu hii nyumba muko na panya mukubwa, anavaa na suruali!”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Kuku ya mama mukwe! Muntu anaiba mu chungu yake mwenyewe, kesho ataiba uji ya mutoto. Funga nguo. Kesho tunarudi Lokandu.”

Nyuma ya nyumba, kijiko cha Ismaël kilisimama. Alikuwa anasikia yote.

“Mama, nilijua anaficha, mbele ya kunioa.”

“Na ulikubali?”

“Nilikubali. Ramla akigonjwa, yeye njo anamubeba mupaka ospitali. Akitoka safari, anauliza kwanza kama tumekula. Na kuficha, anaficha.”

“Ataacha lini?”

“Pengine hataacha.”

“Sasa?”

“Siendi, mama.”

Aliniangalia sana. Halafu akapangusa sisimizi mmoja mmoja, akatafuta kifuniko.

“Basi umwambie afunike muzuri,” alisema. “Hizi sisimizi ni mingi.”

Kesho yake mama alirudi kwake peke yake. Jioni ile Ismaël aliingia polepole, akatazama nguo zangu kwenye kamba, akakaa. Tulikula wali na sombe, majani ya muhogo yenye samaki. Mwishoni alibaki na kipande cha samaki mkononi, hajui akiweke wapi mbele yangu.

Nilimgeuzia mgongo, nikamshusha Ramla, nikakawia kumfunga tena mpaka niliposikia kifuniko cha kopo.